Jina nililomwachia mzee wa Kibaigwa

WIKI iliyopita niliahidi kwamba leo tungemalizia ile mada ya mashemeji wanaohamia nyumbani kwa watu bila kuaga walikotoka. Naombeni radhi, mashemeji wasubiri. Kuna msomaji mmoja, binti wa Mbagala, kaniuliza swali ambalo limeninyima raha siku tatu nzima.

Anasema alikutana na mama mmoja kwenye foleni ya hospitali. Hawajuani. Wakaongea kama dakika kumi, mama akaitwa dirishani, basi. Lakini maneno ya yule mama ndiyo yaliyomfanya asirudi tena kwa mwanaume aliyekuwa anamgeuza ngoma. Sasa anauliza: "Kaka, mtu unayekutana naye mara moja tu halafu humwoni tena maisha yako yote, anaweza akawa ametumwa kwako? Au ni bahati tu?"

Dada yangu, mimi sio shehe wala mchungaji. Nikikuambia ametumwa, utaniuliza na nani, na hapo nitaanza kuuma kucha. Ila nina kisa changu ambacho sijawahi kukiandika hapa, na nilikuwa na sababu nzuri ya kukificha. Kinaniaibisha.

Kwanza niseme ukweli: watu wa njiani mimi nawaogopa kama nyoka. Sisi wa mjini ndivyo tulivyofundwa. Ukipanda basi la mkoani, kabla halijatoka kituoni, kondakta anasimama na kutangaza: usipokee chakula wala kinywaji kwa mtu usiyemjua! Na sio utani. Nina mshkaji wangu alipewa biskuti Chalinze na baba mmoja mwenye heshima zake na tasbihi mkononi, akaja kuzindukia Singida hana begi, hana simu, hana hata viatu. Na kwenye simu nako usiseme, kuna wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kwa hiyo mtu akinichangamkia safarini huwa najibu kwa kichwa tu. Akiuliza jina, nampa la uongo. Hiyo ni kanuni yangu tangu nikiwa kijana mdogo.

Basi bwana. Ilikuwa Julai 2017.

Wakubwa walishatangaza mwaka mmoja nyuma kwamba serikali yote inahamia Dodoma, na mji ukaanza kuota nyumba kama uyoga. Mjomba wangu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi kule, akaniita nikamsaidie. Kila mtu pale mtaani akanipongeza. "Umeula!" Nami nikawa natembea kifua mbele.

Kumbe mwenzenu nilikuwa nakimbia.

Kulikuwa na binti mmoja wa Magomeni, tumekuwa pamoja kama mwaka na nusu hivi. Wiki tatu kabla ya safari akaniambia ana ujauzito. Nikamwambia nitajipanga. (Wanaume tunalipenda sana hilo neno, "nitajipanga". Sijawahi kusikia mtu akiulizwa amejipanga kwa nini na mpaka lini.) Halafu nikaanza kutopokea simu. Meseji zake nikawa nasoma nusu. Siku moja kabla ya kuondoka nikanunua laini mpya. Miaka ile laini ulikuwa unanunua barabarani kama karanga, mambo ya alama za vidole yalikuja baadaye, 2019. Hiyo laini mpya nikampa mjomba na mama yangu tu. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: nikifika Morogoro natoa laini ya zamani, tukivuka daraja la Mto Wami pale Dakawa naitupa majini. Mwisho wa habari.

Kweli Morogoro nikaitoa. Ila kwenye siti nilikuwa nimekaa upande wa njia, na dirishani kulikuwa na mama mmoja mnene kalala fofofo, kaegemea kioo. Kumwamsha nikaona aibu. Daraja likapita. Laini nikaichomeka kwenye pochi, nyuma ya kitambulisho, nikasema nitaitupa Dodoma.

Tukaipita Dumila, tukaipita Gairo. Tunaingia Kibaigwa, kama saa nane mchana, basi likakohoa mara mbili na kuzima. Kampuni yenyewe siitaji, ilikuwa siku yao mbaya. Dereva akashuka, akachungulia chini, akavua shati. Ukiona dereva anavua shati, msomaji wangu, tafuta kivuli.

Kwa wasiopajua, Kibaigwa ni mji mdogo wa Wilaya ya Kongwa, uko pembeni ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Dodoma, kama kilomita 90 hivi kabla hujafika Dodoma. Umaarufu wake ni mahindi. Yanashuka kutoka Kiteto, Gairo, Kilindi na vijiji vya Kongwa na Mpwapwa, yanaingia kwenye soko lao linaloitwa la kimataifa, na hapo hawajikwezi, maana wanunuzi wanatoka mpaka nchi za jirani. Ndani kuna mizani, ili mkulima auze kwa kilo, sio kwa lumbesa, ule ujanja wa kushindilia gunia mpaka linaota kichwa. Julai ni msimu wenyewe. Ila mwaka ule serikali ilikuwa imepiga marufuku mahindi kuvuka mpaka, kwa hiyo bei ilikuwa imelala na wenye malori wamenuna. Upepo wa Ugogoni nao unavuma, vumbi jekundu mpaka kwenye meno.

Nikaenda kukaa kwenye kivuli cha banda, karibu na rundo la magunia. Pale palikuwa na mzee mmoja anashona. Ni ile kazi ya kufunga midomo ya magunia: sindano ndefu kama kidole cha kati mara mbili, uzi wa nailoni, anadunga na kuvuta, anadunga na kuvuta, gunia limefungwa kabla hujakohoa. Koti la kizamani, kofia ya kufuma. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Mbukwa!" Ndiyo salamu yao Wagogo. "Gari limewafia?"

Nikajibu kwa kichwa.

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa karanga za kuchemsha, akanisogezea kwenye kiganja. Nikakumbuka biskuti za Chalinze. Nikasema nimeshiba. Njaa ilikuwa inaniuma mpaka natetemeka, lakini nimeshiba!

Hakukasirika. Akazila mwenyewe, moja moja, huku anashona.

"Jina lako nani, kijana?"

"Baraka."

"Wa wapi?"

"Iringa." Mpaka leo sijui Iringa niliitoa wapi. Wakati huo nilikuwa sijawahi hata kuikanyaga.

"Iringa sehemu gani?"

"Kihesa," nikasema. Nilikuwa nimewahi kulisikia hilo jina kwa jirani yetu.

Akanitazama kidogo. "Kihesa. Haya." Akadunga gunia.

Tukakaa. Fundi kaletwa na bodaboda, kaingia uvunguni, katoka, kasema kifaa kinatoka Dodoma. Abiria wakaanza kutukana. Mzee akaniuliza kama ni mara yangu ya kwanza kufika huku, nikasema ndiyo. Ndipo akaanza, taratibu tu, kama mtu anayesimulia mvua ya mwaka jana.

Kwao ni Kongwa mjini, akasema. Mama yake alikuwa akipeleka maziwa kambini. Nikauliza kambi gani. Akashangaa. "Shuleni mnasomaga nini siku hizi?"

Nilikuja kuthibitisha baadaye, na kweli ipo kwenye historia. Kongwa ndipo Waingereza walipokuja mwaka 1947 na mradi wao wa karanga, matrekta na reli, wakidhani wataijaza Ulaya mafuta. Mvua ikawakatalia, udongo ukawa mgumu kama saruji, mwaka 1951 wakaacha kila kitu baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 30. Yale majengo waliyoyakimbia ndiyo Tanzania ikawapa wapigania uhuru kwenye miaka ya mwanzo ya 1960. Walikuwepo FRELIMO wa Msumbiji, na Samora Machel mwenyewe aliongoza mafunzo pale. Walikuwepo ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia, na wengine wa Angola na Zimbabwe. Vijana watupu, mamia kwa mamia, mbali na kwao, wanasubiri vita ambayo hawajui itaanza lini. Na nje ya kambi kuna kijiji, kuna mabinti, kuna ngoma za mavuno. Mengine huhitaji kuambiwa.

"Baba yangu ni mmoja wao," mzee akasema. "Wa Afrika Kusini. Mwaka 1969 ANC wakawaondoa watu wao, wakapelekwa Urusi. Mimi nilikuwa mgongoni."

"Hakurudi?"

"Atarudi wapi?"

"Hukumtafuta? Si walipata uhuru mwaka 1994?"

Hapo akaiweka sindano chini. Ndiyo mara ya kwanza kuona mikono yake imetulia.

"Nimtafute kwa jina gani? Kule kambini kila mtu alipewa jina la vita, ili makaburu wasijue familia zao. Mama alipewa hilo hilo. Miaka miwili analala na jina la uongo."

Akatoa kadi yake ya mpiga kura, imefungwa kwenye nailoni, akanionyesha. Jina lake la kwanza, halafu la pili, la baba. La kawaida kabisa, la kwenye Biblia. "Hili hapa. Sio lake. Na watoto wangu wanalo. Na wajukuu wanalo. Tunaitwa ukoo wa mtu ambaye hakuwepo."

Akacheka. Kicheko cha kweli, sio cha uchungu, jambo ambalo lilinitisha zaidi.

Nikamwuliza kama ana hasira naye. Akafikiri. Akasema zamani alikuwa nayo, sasa hana, yule kijana alikuwa vitani, labda hata alikufa, labda jina hakuruhusiwa kulitoa. "Ila mimi ningependa kujua vitu vidogo tu. Kama naye alikuwa anashindwa kulala ikipiga radi. Mimi nashindwa. Mama alikuwa analala, babu alikuwa analala. Sasa nimeitoa wapi?"

Halafu akaokota sindano, akalivuta gunia jingine, na bila kuniangalia akasema:

"Na wewe, Baraka, hilo lako ni la kweli au la vita?"

Msomaji wangu, nimeshapigwa makofi maishani. Nimeshawahi kuvuliwa saa na vibaka saa nne asubuhi Kariakoo. Sijawahi kupigwa kama nilivyopigwa pale. Nikasema "la kweli, mzee", sauti ikatoka kama ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Akaitikia "haya". Akaendelea kushona.

Sijui kama alijua. Mzee hakuwa anajua habari za Magomeni, hakuwa anajua kuna laini imelala kwenye pochi yangu. Alichogundua, labda, ni kwamba hakuna mtu wa Kihesa anayelitamka Kihesa vile. Lakini mimi nilisikia kingine kabisa. Nilimwona mtu mwenye miaka karibu hamsini, atakayekaa kwenye magunia mwaka 2067 sijui wapi, anawasimulia abiria waliokwama kwamba baba yake alikuwa muuza duka wa Dodoma aliyekuwa na namba mbili za simu.

Jua likazama, baridi ikaanza. Nikaenda nyuma ya banda, nikatoa laini mpya, nikaweka ya zamani. Simu ikatulia kidogo, halafu meseji zikaanza kumiminika. Kumi na moja. Za mwanzo ndefu. Za katikati fupi. Ya mwisho ilikuwa neno moja tu: "Sawa."

Nikapiga. Alipokea dada yake mkubwa. Aliyoniambia yule dada siwezi kuyaandika hapa, mhariri atayakata yote ibaki nukta. Nikasikiliza mpaka akamaliza pumzi. Nikamwambia niko Kibaigwa, gari limeharibika, naenda Dodoma kwa mjomba, namba yangu mpya ni hii, na duka la mjomba liko mtaa fulani. Akanyamaza. Akasema, "Rudia hiyo namba, naandika."

Msinifanye shujaa. Sikurudi Dar usiku ule, mambo ya kwenye sinema hayo. Kifaa kilifika, basi likawaka saa mbili usiku, nikaingia Dodoma, nikalala kwenye godoro la mjomba. Kesho yake nikamweleza kila kitu, akaniita majina ambayo nayo yangekatwa. Mwezi uliofuata tukashuka naye Magomeni na wazee wawili, tukatoa faini, tukajitambulisha. Ndoa haikuwepo. Yeye alishaniona nilivyo, na sikuwa na la kujitetea. Ameolewa sasa na mtu mwingine, mstaarabu kuliko mimi. Lakini mtoto wetu wa kike yupo, yuko shule ya msingi, anatumia jina langu, lile la kwenye cheti cha kuzaliwa, na kila likizo ananimaliza hela za chipsi. Radi haiogopi. Mimi nailalia, mama yake anailalia. Hilo nililiuliza mapema.

Sasa, dada yangu wa Mbagala, ngoja nikuharibie hadithi.

Mwaka 2019 nilishuka Kibaigwa makusudi, nimembebea mzee koti jipya. Sikumkuta. Nikarudi 2022. Pale mizani nikamkuta kijana mmoja mwandishi wa uzito, nikamweleza ninayemtafuta. Akaanza kucheka.

"Yule wa baba mpigania uhuru? Kumbe na wewe alikusimulia! Wewe alikuambia wa wapi?"

"Afrika Kusini."

"Mimi aliniambia Msumbiji. Na kuna dereva mmoja alimwambia Namibia."

Makuli waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Mmoja akasema mzee anapenda hadithi, abiria wakikwama lazima wapewe. Mwingine, mama anayepepeta mahindi ya kuokota, akawakemea: "Nyie, na mama yake mngemuuliza nani? Aliambiwa hivi, akaambiwa vile. Wote kambini walidanganya." Pakawa na ubishi mkubwa pale, mimi nimesimama na koti.

Nililala nawaza hilo. Kama mzee alinitungia, basi maisha ya mwanangu yamebebwa na porojo ya kupotezea muda. Kama hakutunga, basi ni mtu anayembadilisha baba kila wiki, leo Mzulu, kesho Mmakonde, kwa sababu hakuna hata mmoja anayemkataa. Nimejaribu kuchagua mojawapo, nimeshindwa. Ukiniuliza nani alimtuma, nitakuuliza na mimi, nani alimlaza yule mama mnene dirishani pale Dakawa? Yule naye hatujawahi kumshukuru mtu. Alishuka Dodoma anapiga miayo. Na mama yako wa foleni ya hospitali, dada, huenda usiku ule aliporudi kwake wala hakukumbuka alichokuambia. Sioni kama hilo linapunguza kitu.

Siku hizi tangu 2024 kuna treni ya umeme, Dar mpaka Dodoma unafika kabla hujaanza kuchoka. Nimeipanda, ni raha, sikatai. Ila haipiti Kibaigwa. Ndiyo maana nikiwa na nafasi bado napanda basi, na mjomba ananiona mwehu.

Ile siku ya 2022, kabla sijaondoka, nilimwuliza yule kijana wa mizani mzee kaelekea wapi. Mmoja akasema Gairo, mwingine akasema Kiteto kwa mwanawe, kwenye mashamba. Labda msimu ujao angerudi. Nikamwachia koti. Akachukua kalamu na kipande cha karatasi cha mizani, akaniuliza aandike limetoka kwa nani.

Nikafungua mdomo nitaje jina langu. Halafu nikakumbuka kwamba mzee halijui.

"Andika Baraka," nikamwambia. "Baraka wa Kihesa."

Ya mashemeji wiki ijayo, Mungu akipenda.